Miwani ya Baifoko: Nani Aivae, Nani Asiivae na Kwa Nini Vipimo Vitangulie

Mwananchi aliyevuka umri wa miaka 40 na kuanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu hana sababu ya kuona aibu wala kuingiwa na hofu. Hali hiyo humpata karibu kila binadamu. Mshonaji wa Mailimoja mjini Kibaha huitambua pale uzi unapokataa kuingia katika tundu la sindano. Mwalimu wa Mlandizi huitambua jioni anaposahihisha madaftari kwa mwanga wa taa. Msusi wa mikeka wa Kisarawe huitambua pale miyaa miembamba inapoanza kumchanganya, na mkulima wa korosho wa Maneromango huitambua anaposhindwa kusoma maelekezo ya kiuatilifu yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Wengi wao, wakifika mahali panapotolewa miwani, hukutana na swali hili: wanataka miwani ya kawaida ya kusomea, au miwani ya baifoko, yaani ile yenye nguvu mbili katika kioo kimoja? Mara nyingi swali hilo hujibiwa haraka, kwa kutazama bei, umbo la fremu au ushauri wa jirani aliyekwisha kuivaa. Matokeo yake, wapo wanaofaidika na wapo wanaoiweka miwani kabatini baada ya siku tatu kwa sababu inawapa kizunguzungu au inawafanya wajikwae.

Makala haya yanaeleza miwani ya baifoko inavyofanya kazi, nani inamfaa na nani haimfai, na hatua za kufuata kabla ya kuitengeneza. La msingi ni kwamba baifoko ni chombo kizuri kwa mtu ambaye shughuli zake humtaka atazame mbali na karibu kwa zamu mara nyingi kwa siku, lakini si chombo cha kila mtu, na uamuzi wa kuivaa haupaswi kutangulia uchunguzi wa macho.

Kinachotokea ndani ya jicho

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ya asili iliyo laini na angavu. Mtu anapotazama mbali, lenzi hiyo hubaki bapa. Anapohamia kwenye kitu kilicho karibu, msuli mdogo unaoizunguka hukaza, lenzi ikavimba kidogo na kuongeza nguvu, na taswira ikatua sawasawa juu ya retina. Kazi hiyo hufanyika kwa muda mfupi kiasi kwamba kijana haihisi kabisa.

Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hupoteza ulaini wake na kuwa ngumu. Kijana wa miaka 20 anaweza kuona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 10 hivi kutoka usoni. Mtu wa miaka 40 huhitaji takriban sentimita 20, na alifikapo miaka 50 umbali huo huwa umefika karibu nusu mita. Ndiyo maana mkono hunyooshwa, na baadaye mkono wenyewe hauna tena urefu wa kutosha.

Kitaalamu hali hii huitwa presibayopia, nayo ni upungufu wa uoni wa karibu unaoletwa na umri. Si ugonjwa wa kuambukiza, haisababishwi na kusoma sana, wala haizuiliki kwa chakula au dawa ya matone. Ni tofauti pia na matatizo mengine ya upeo wa macho ambayo mtu anaweza kuwa nayo tangu utotoni, kama vile kushindwa kuona mbali. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo baifoko huingia katika mazungumzo.

Ukubwa wa tatizo

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, iliyotolewa mwaka 2019, ilieleza kuwa watu wapatao milioni 826 duniani walikuwa na upungufu wa uoni wa karibu ambao haujashughulikiwa, ingawa ungeweza kurekebishwa kwa miwani. Mei 2021, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia lengo la kuongeza kwa pointi 40 za asilimia wigo wa watu wanaopata huduma sahihi ya kurekebisha upeo wa macho ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2024 Shirika hilo lilizindua mpango wa SPECS 2030 ili kuzisaidia nchi kulifikia lengo hilo.

Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulibaini kuwa zaidi ya watu 6 kati ya 10 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na presibayopia. Utafiti huo ulikuwa na uzito kwa sababu ulifanyika miongoni mwa wakulima na wafugaji, na hivyo ulionesha kuwa tatizo hili haliwahusu wasomi na watumishi wa ofisini pekee. Kuchambua mchele, kutoa mwiba mguuni, kushona nguo, kuhesabu fedha na kupima dozi ya dawa ya mtoto ni kazi za macho ya karibu, hata kama mtendaji hajui kusoma.

Hasara ya kukosa miwani imepimwa kwa kazi za mikono. Katika mashamba ya chai ya Assam nchini India, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza uzalishaji kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa katika kipindi cha utafiti. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionesha kuwa watu waliopewa miwani ya kusomea walipata kipato cha takriban theluthi moja zaidi ya wale ambao walikuwa bado hawajapewa. Kwa mshonaji au fundi simu wa Kibaha, miwani sahihi ni kitendea kazi sawa na cherehani au bisibisi.

Baifoko ni miwani ya namna gani

Lenzi ya baifoko imegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya juu, iliyo kubwa, ina nguvu ya kuonea mbali. Sehemu ya chini ina nguvu ya kuonea karibu. Mvaaji anapotazama mbele, macho hupita katika sehemu ya juu, na anapoyashusha ili asome, hupita katika sehemu ya chini.

Wazo hilo lina zaidi ya miaka 200. Mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, Benjamin Franklin, alieleza katika barua yake ya mwaka 1785 kuwa alichoshwa na kubadili miwani miwili kila wakati, akaagiza vioo vyake vikatwe na nusu ya kila kimoja viunganishwe katika fremu moja. Kwa njia hiyo alihitaji tu kuinua au kushusha macho.

Baifoko za leo hutofautiana kwa umbo la kipande cha chini. Nyingine zina kipande cha duara, nyingine kina juu bapa mithili ya herufi D iliyolazwa, na nyingine zina mstari unaokatiza kioo kizima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mstari huo unaoonekana ndio unaowatambulisha wavaaji wa baifoko, na baadhi ya watu huukwepa kwa kuona kuwa unawatangazia umri.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho diopta. Nguvu inayoongezwa katika sehemu ya chini huanza karibu diopta 1 kwa mtu wa miaka 40 na kitu, hupanda taratibu, na kwa kawaida hufikia diopta 2.5 hivi katika umri wa miaka 60. Nambari hizo zina maana rahisi ya kimatumizi. Mtu mzima wa miaka 60 ambaye hana tatizo la kuona mbali akitazama kupitia diopta 2.5, ataona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 40, ambao ni umbali wa kitabu. Kitu kilicho umbali wa mita moja au zaidi kitakuwa na ukungu. Jambo hilo dogo ndilo linaloeleza faida ya baifoko, na ndilo pia linaloeleza hatari yake.

Nani inamfaa

Mtu anayefikiria kuvaa baifoko anaweza kujipima kwa maswali matatu kabla hata ya kufika kliniki.

Swali la kwanza ni kama anahitaji miwani ya kuonea mbali. Mtu ambaye mbali anaona vizuri na hupata shida wakati wa kusoma tu, kwa kawaida anatosheka na miwani ya kawaida ya kusomea. Vilevile, mtu mwenye tatizo la kiasi la kutoona mbali anaweza kugundua kuwa anasoma vizuri akivua miwani yake. Kama kuvua na kuvaa hakumsumbui, hana haja ya kuharakia baifoko. Anayehitaji nguvu moja kwa mbali na nyingine kwa karibu ndiye mlengwa wa kwanza.

Swali la pili ni mara ngapi kwa siku anabadili umbali wa kutazama. Mwalimu hutazama daftari, kisha wanafunzi wa viti vya nyuma, kisha daftari tena. Muuza duka husoma bei ya bidhaa, humtazama mteja mlangoni, halafu huhesabu chenji. Muuguzi husoma kadi, humtazama mgonjwa, na husoma tena alama za bomba la sindano. Dereva hutazama barabara na dashibodi. Kwa watu kama hao, kubadili miwani miwili kila dakika ni usumbufu, na miwani inayovuliwa kila mara hupotea au hukaliwa. Hata mwalimu ambaye mbali anaona vizuri anaweza kutengenezewa baifoko ambayo juu haina nguvu na chini ina nguvu ya kusomea, ili asilazimike kuchungulia juu ya miwani.

Swali la tatu ni wapi anatembea na anafanyia kazi wapi. Swali hili husahaulika mara nyingi, ilhali ndilo linalobeba usalama wa mvaaji.

Hatari ya kuanguka

Mtu anapotembea na kushusha macho kutazama hatua zake, macho hupita katika sehemu ya chini ya lenzi. Sehemu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni, wakati ardhi iko mita moja na nusu hivi kutoka machoni. Ngazi, mzizi, shimo au ukingo wa mtaro huonekana na ukungu, na wakati mwingine huonekana kama umeruka kidogo kutoka mahali pake pale macho yanapovuka mstari.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa wazee waliovaa miwani yenye nguvu zaidi ya moja walikuwa na uwezekano wa kuanguka zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakuivaa. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 2010, uliwapa baadhi ya wazee waliozoea miwani hiyo jozi ya ziada ya kuonea mbali tu, waivae wanapotoka nje. Kwa wazee waliozoea kushughulika nje mara kwa mara, kuanguka nje kulipungua kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo, kwa wazee waliotoka nje kwa nadra, badiliko hilo halikusaidia. Waliongeza kuanguka nje. Funzo lake ni kwamba miwani huchaguliwa kwa kufuata maisha ya mvaaji, na mtu mzee aliyekwisha kuzoea miwani fulani asibadilishiwe bila sababu.

Matokeo hayo yana maana ya pekee kwa wakazi wa Kisarawe, ambako mji umekaa katika eneo la vilima karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na ambako njia nyingi za kwenda shambani zina miteremko, mizizi na makorongo ya mvua. Mkulima wa miaka 65 anayetembea kila siku katika njia hizo ni salama zaidi akiwa na miwani ya kuonea mbali pekee awapo njiani, na nyingine ya kusomea aliyoihifadhi nyumbani au mfukoni. Ikiwa mbali anaona vizuri, atembee bila miwani.

Kibaha nako, abiria anayeshuka kwenye daladala kando ya Barabara ya Morogoro, au fundi anayepanda ngazi ya jengo, anakabiliwa na hatari hiyohiyo. Fundi umeme au mpaka rangi anayetazama juu ya kichwa chake ana tatizo la ziada: kitu kilicho karibu naye kiko juu, ilhali nguvu ya karibu iko chini ya lenzi. Mtu wa aina hiyo amweleze mtaalamu kazi yake waziwazi ili apate lenzi inayolingana nayo.

Wengine wanaopaswa kufikiri mara mbili ni wazee waliowahi kuanguka, watu wenye ganzi miguuni kutokana na kisukari, waliopata kiharusi, na wale ambao jicho moja lina nguvu tofauti sana na jingine. Kwa hao, uamuzi ufanywe na mtaalamu baada ya kuwapima.

Njia nyingine zilizopo

Asiyefaa kuvaa baifoko hajakosa msaada. Njia ya kwanza ni kuwa na miwani miwili, mmoja wa mbali na mwingine wa karibu. Ni njia ya zamani, haihitaji kuzoewa sana, na lenzi nzima hutumika kwa kazi moja.

Njia ya pili ni miwani ya kusomea iliyokwisha kutengenezwa, inayouzwa madukani na kwa wafanyabiashara wadogo. Miwani hiyo haiharibu macho, na humsaidia mtu ambaye macho yake yote mawili yana nguvu sawa. Upungufu wake ni kwamba lenzi zote mbili hulingana nguvu, hairekebishi tatizo la konea isiyo na mviringo sawa, na muuzaji hapimi afya ya jicho.

Njia ya tatu ni miwani ya progresivu, ambayo nguvu yake hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini bila mstari. Toleo lake lililofanikiwa kibiashara lilitolewa Ufaransa mwaka 1959 kutokana na kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz. Progresivu humpa mvaaji pia umbali wa kati, kama ule wa skrini ya kompyuta, ambao baifoko huuruka. Kwa upande mwingine, kwa kawaida bei yake ni kubwa zaidi, pembe zake hupotosha taswira kidogo, huhitaji vipimo makini, na ina hatari ileile ya ukungu miguuni.

Mtumishi anayekaa mbele ya kompyuta siku nzima anaweza kuona kuwa baifoko inamlazimu ainue kidevu ili asome skrini, na shingo ikamuuma ifikapo jioni. Skrini iko umbali wa sentimita 60 au 70, katikati ya nguvu mbili za baifoko. Kwake yeye, miwani maalumu ya umbali huo huenda ikamfaa zaidi.

Kwa nini vipimo vitangulie

Hatari kubwa kuliko kuchagua lenzi isiyofaa ni kudhani kuwa miwani imemaliza kila kitu. Umri uleule ambao presibayopia huanza ndio umri ambao magonjwa mengine ya macho huanza kujitokeza.

Gonjwa linalohitaji tahadhari ya kwanza ni presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za uoni kwenye ubongo. Kwa kawaida hauumi, na huanza kula uoni wa pembeni huku mtu akiendelea kusoma vizuri kwa uoni wa kati. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa takriban watu 4 kati ya 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na ugonjwa huo. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi kwa miwani wala kwa upasuaji. Matibabu hulinda uoni uliobaki.

Kwa hiyo mtu anayenunua miwani bila kupimwa, akasoma vizuri na kurudi nyumbani akiwa na furaha, anaweza kuwa amebeba ugonjwa ambao ungeweza kugunduliwa siku hiyo. Mtu huyo hatarudi tena hadi miaka kadhaa ipite, na pengine atakaporudi atakuwa anajigonga kwenye milango.

Vipo pia vya kutibika. Mtoto wa jicho hufunika lenzi kwa ukungu na huondolewa kwa upasuaji. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huo na kuwekewa lenzi ya bandia kwa kawaida bado huhitaji miwani ya kusomea, lakini asitengeneze miwani mpya hadi jicho lipone na apimwe upya, jambo ambalo huchukua wiki kadhaa. Kisukari nacho huharibu mishipa ya damu ya retina, na sukari inayopanda na kushuka hubadili nguvu ya jicho kwa muda. Mgonjwa wa kisukari aliyepimwa siku ambayo sukari iko juu anaweza kupewa miwani ambayo haitamfaa baada ya wiki mbili. Anapaswa kudhibiti sukari kwanza, na kuchunguzwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Pa kuanzia Kibaha na Kisarawe

Mwananchi anaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, akaeleza shida yake na kuuliza utaratibu wa rufaa. Kwa wakazi wa Kisarawe, hatua inayofuata ni hospitali ya wilaya. Kwa Mkoa wa Pwani kwa ujumla, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Tumbi, iliyopo Kibaha. Kabla ya kusafiri kutoka vijiji vya mbali kama vya Mzenga au Maneromango, ni vyema kuuliza siku za kliniki ya macho ili kuepuka nauli ya bure.

Anayekwenda katika kituo binafsi au duka la miwani anapaswa kuhakikisha kuwa anayempima ni mtaalamu aliyesajiliwa. Taaluma ya optometria nchini inasimamiwa na Baraza la Optometria chini ya Wizara ya Afya, na mwananchi ana haki ya kuuliza usajili wa mtoa huduma bila kuonekana msumbufu. Wanachama wa mifuko ya bima ya afya waulize mapema miwani ipi inagharamiwa, kwa nani na mara ngapi, kwa kuwa masharti hutofautiana.

Siku ya Uoni Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Oktoba kila mwaka. Wananchi wanashauriwa kufuatilia matangazo ya halmashauri zao kuhusu upimaji katika kipindi hicho.

Anayekwenda kupimwa abebe miwani ya zamani, orodha ya dawa anazotumia, na ikiwezekana kipande cha kazi yake: sindano na uzi, kitabu, simu au ukili. Mtaalamu atapima umbali halisi ambao mtu hushikia kazi yake. Aeleze pia kama ana ndugu wa damu mwenye presha ya macho, kwa kuwa ugonjwa huo hurithiwa katika baadhi ya familia. Baada ya vipimo, aombe nakala ya maandishi ya vipimo hivyo.

Siku ya kuchukua miwani na wiki za kuizoea

Fremu ya baifoko isiwe nyembamba mno kwa kimo, ili sehemu zote mbili zipate nafasi. Mvaaji anapotazama mbele, mstari wa kipande cha chini kwa kawaida unapaswa kukaa usawa wa kope ya chini. Ukiwa juu zaidi, utamsumbua anapotembea. Ukiwa chini zaidi, atalazimika kuinua kidevu ili asome. Kabla ya kuondoka, asome maandishi madogo, atazame nje ya dirisha, kisha atembee na kupanda ngazi chache.

Kuizoea huchukua siku chache hadi wiki mbili hivi. Njia bora ni kuanza nyumbani akiwa ameketi, kisha kuongeza muda. Anaposoma, ashushe macho na kuacha kichwa kikiwa kimenyooka. Anaposhuka ngazi au kuvuka mtaro, afanye kinyume chake: ainamishe kichwa ili atazame miguu yake kupitia sehemu ya juu, na ashike mkono wa ngazi ikiwa upo. Asianze siku ya kwanza kwa kuendesha pikipiki au gari. Kizunguzungu, maumivu ya kichwa au kuona vitu viwiliviwili vikiendelea baada ya wiki mbili, arudi kwa mtaalamu. Huenda mstari umekaa vibaya au kipimo kina kosa.

Lenzi zioshwe kwa maji na sabuni laini, zikaushwe kwa kitambaa safi cha pamba. Kufuta vumbi kavu kwa kanga au shati huzikwaruza.

Imani zinazochelewesha huduma

Imani ya kwanza ni kuwa miwani hudhoofisha macho. Ukweli ni kwamba presibayopia huendelea kwa kuwa lenzi inaendelea kukomaa, iwe mtu amevaa miwani au hajavaa. Anayeivaa huona tofauti zaidi anapoivua kwa sababu sasa anakumbuka kuona vizuri kulivyo.

Imani ya pili ni kuwa miwani ya mzee aliyefariki au ya mwenzi inaweza kumfaa yeyote. Miwani ya mtu mwingine haiharibu jicho la mtu mzima, lakini huchosha, na huficha hitaji la kupimwa. Imani ya tatu, iliyo hatari zaidi, ni kuwa dawa za kienyeji au matone yasiyoandikwa na daktari yanaweza kusafisha macho na kurudisha usomaji. Matone ya aina hiyo yanaweza kuunguza konea na kuleta upofu wa kudumu.

Dalili zisizosubiri miwani

Mwananchi yeyote anayepoteza uoni ghafla, hata kama ni kwa jicho moja; anayeumwa sana jicho lililo jekundu, hasa likiambatana na kutapika; anayeona mwanga unaomulika kama radi, madoa mengi meusi yanayoelea au pazia linaloshuka; au aliyepigwa au kuchomwa jichoni, aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili hizo hazirekebishwi na lenzi ya aina yoyote.

Kwa aliye na shida ya kusoma tu, hakuna dharura, ila hakuna pia sababu ya kuvumilia. Mshonaji asiachie wateja wake kwa sababu ya tundu la sindano, na bibi asikisie dozi ya dawa ya mjukuu. Aliyefikisha miaka 40 na hajawahi kupimwa macho aanze kwa kupimwa. Baifoko, miwani miwili au kutovaa chochote litakuwa jibu la vipimo hivyo pamoja na maisha anayoishi.